KIJANA, UNANGOJA MELI GANI?

Kijana mwenzangu! Karatasi hii umepewa bure pale uwanjani, au pengine umeiokota njiani. Usiitupe kwanza. Isome mpaka mwisho, haitakuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Nina swali moja tu kwako. UNANGOJA MELI GANI? Maana najua vijana wengi mnangoja. Mmoja anasema, nikifika Ulaya mambo yangu yatanyooka. Mwingine anasema Afrika Kusini, mwingine Arabuni. Na mwingine hana mpango wa kusafiri kabisa, ila kila jioni anavuta kitu ili kichwa kisafiri chenyewe.

Sikucheki. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea. Nikiwa na miaka 19 nilikuwa nashinda na kulala nje ya bandari ya Dar es Salaam, mimi na wenzangu, tukitafuta njia ya kuzamia. Bangi asubuhi, bangi jioni. Halafu tukaingia kwenye unga. Nilidhani shida yangu ni nchi niliyozaliwa. Kumbe shida nilikuwa natembea nayo kifuani! Hata ningefika Ulaya, ningefika nayo.

MELI ILIYOKWENDA KINYUME

Sasa sikiliza habari za msichana mmoja wa Kiingereza aitwaye Jackie Pullinger. Sisi tulitafuta meli ya kwenda kwao, yeye alipanda meli ya kutoka kwao. Alizaliwa mwaka 1944, akasomea muziki London. Alitaka kwenda nchi za mbali kumtumikia Mungu. Mashirika ya kimisheni aliyoyaomba hayakumchukua. Basi mchungaji mmoja akamshauri akate tiketi ya meli, aombe njiani, na Mungu atamwonyesha pa kushuka. Mwaka 1966 akapanda meli peke yake, pesa kidogo mfukoni, kazi hana, mwenyeji wa kumpokea hana. Akashuka Hong Kong.

Huko akaanza kufundisha shule ya msingi katika mtaa uliozungukwa na Hong Kong yote, Kowloon Walled City. Ndugu yangu, mtaa ule ulikuwa kama ekari 6 na nusu tu, yaani kama viwanja vinne vya mpira. Lakini mwaka 1987 watu waliokuwa wakiishi humo walikadiriwa kuwa 33,000! Nyumba zimebebana, vichochoro vyembamba, maji machafu yanadondoka kutoka juu, jua halifiki chini. Wachina waliuita mtaa huo kwa jina lenye maana ya giza. Uchina ilidai ni pake, Waingereza waliotawala Hong Kong hawakupashughulikia, basi magenge ya Triad ndiyo yakawa serikali. Humo walivuta afyuni na heroini, humo wasichana wadogo waliuzwa miili.

Hapo ndipo binti wa watu alipokwenda kujitolea. Hakuna aliyemtuma kwa mshahara mkubwa.

ALIFANIKIWA MARA MOJA?

Hapana! Nisikudanganye. Akafungua mahali pa vijana kucheza na kukutana. Walikuja, wakacheza, wakaondoka vile vile walivyokuja. Teja alibaki teja, mwizi alibaki mwizi. Usiku mmoja pakavunjwa, vitu vikaharibiwa, uchafu wa choo ukapakwa kila mahali. Hebu fikiri ungekuwa wewe. Umeacha kwenu, umevuka bahari, na malipo yako ndiyo hayo! Mimi ningepanda meli ya kurudi siku ile ile.

Yeye akasafisha, akafungua tena. Ndipo mkuu wa genge akamletea mlinzi, mmoja wa vijana wake mwenyewe, mvuta afyuni. Akawa anasimama mlangoni tu, haingii. Jackie akawa anamweleza habari za Yesu pale pale mlangoni. Siku moja yule kijana akaingia ndani, akaomba, akampokea Yesu, Roho Mtakatifu akamshukia, akanena kwa lugha mpya. Na ile afyuni akaiacha!

Siri ilikuwa nini? Jackie mwenyewe ameisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1980. Alikuwa ameanza kuomba katika Roho kila siku, dakika 15 kwa kutazama saa. Nguvu zake mwenyewe zilikuwa zimeshindwa. Ndipo akaanza kuona watu wanabadilika. Mapenzi mema peke yake hayamtoi mtu gizani, kijana. Ni Mungu! (Soma Matendo 1:8.)

NIPE WALIOHARIBIKA

Sasa hapa ndipo ninapotaka usikie kwa masikio yote mawili. Anasimulia kwamba mkuu yule wa genge alikubali kumpa vijana, lakini kwa mgawo: wale walioharibika atampa, wale wazuri atabaki nao mwenyewe. Naye akaupokea mgawo huo kwa moyo mweupe, akasema hao walioharibika ndio hasa Yesu aliowajia.

Umesikia? WALIOHARIBIKA NDIO YESU ALIOWAJIA! Wewe unasema, kanisani kwenda vipi, mimi nanuka bangi. Mimi nimetoa mimba. Mimi nyumbani wamenifukuza kwa wizi. Nikishajirekebisha nitakuja. Nani amekwambia mgonjwa apone kwanza ndipo aende hospitali? Soma Luka 19:10 uone Yesu alikuja kutafuta watu gani. Soma na Wafilipi 2:6-8. Yeye naye aliacha enzi yake juu, akashuka chini kabisa, kwenye kichochoro chetu, mpaka msalabani. Hiyo ndiyo meli ya kwanza iliyokwenda kinyume!

MAMA WA UJI

Usiseme hayo ni ya Hong Kong. Pale nje ya bandari palikuwa na mama mmoja muuza uji. Kila alfajiri aliniuliza, "Mwanangu, umekula?" Siku moja nilimwibia pesa zake za mauzo, nikaenda kununua unga. Kesho yake nikapita kwa mbali, aibu imenishika. Akaniita kwa jina. Nikaenda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanijazia kikombe. Mkono unanitetemeka, nikasema, mama, hujui nani kakuibia? Akasema, "Najua. Kunywa uji, mwanangu, unapoa."

Nililia mbele za watu. Nilizoea kupigwa, kusamehewa sijazoea. Jackie alivuka bahari, mama yule alivuka barabara tu, hata Zanzibar hajafika. Lakini aliyewatuma ni mmoja. Jumapili ile nilimfuata kanisani na nguo zangu zile zile chafu, nikaokoka. Ile meli sikuipanda tena. Leo nasimama viwanjani kukuambia wewe.

Na ule mtaa wa giza? Ulibomolewa mwaka 1993 na 1994, leo ni bustani watu wanapumzika. Lakini kabla hawajabomoa kuta, Mungu alikuwa ameshatoa watu humo ndani.

UFANYE NINI SASA?

Usingoje kesho. Wenzangu wawili wa pale bandarini walisema kesho. Mmoja tulimzika, mwingine sijui alipo. Piga magoti hapo ulipo, au kama uko kwenye daladala inamisha kichwa tu, useme kwa moyo wako wote:

Ee Bwana Yesu, mimi ni mmoja wa wale walioharibika. Nimechoka kujikimbia. Nakubali ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe, nioshe, ingia moyoni mwangu. Kuanzia leo mimi ni wako. Nijaze Roho wako, na siku moja unitume na mimi kwa mwingine. Amina.

Kama umesema kwa imani, UMEOKOKA! Sasa tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwenu, wahi mapema, usione haya. Anza kusoma Injili ya Yohana. Waache wale mnaovuta nao. Na kama unatumia unga, usifiche. Mwambie mchungaji akuombee, tena nenda hospitali. Muhimbili walianza kutoa methadone mwaka 2011, na wengi wamesaidika. Mungu hagombani na daktari.

Halafu karatasi hii usiifungie vitumbua. Mpe yule anayelala kibarazani. Huyo ndiye Hong Kong yako.

Mungu akubariki.