Usingʼoe Kabla ya Kuuliza

Msichana wa miaka 15 alipelekwa na mamake kwa daktari wa meno jijini Nairobi. Shida yake ilikuwa ndogo: meno mawili ya chini yalibanana. Daktari akampiga eksirei ya kichwa kwa upande, akaweka alama kwenye taya, na kompyuta ikatoa jedwali. Pembe kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini ilikuwa nyuzi 115, na pembeni yake paliandikwa kuwa kawaida ni zaidi ya 130. Safu nzima ikawa nyekundu.

“Mama, meno yametokeza sana,” daktari akasema. “Tungʼoe manne, ya mbele yarudi nyuma.”

Mama akakubali. Nani abishane na kompyuta?

Vyuma vya kunyoosha meno vilipotolewa, meno yalikuwa yamenyooka sawasawa. Lakini midomo hufuata meno, nayo ilikuwa imerudi ndani na kuifanya pua ionekane kubwa. Nyanya yake akamtazama, akauliza, “Mbona mdomo umebonyea kama wangu?”

Kisa hiki ni cha kutunga, ila tatizo la jedwali ni la kweli. Mwaka 1948, Mmarekani William Downs alitoa vipimo vilivyosambaa duniani. Aliwapima vijana 20 Wazungu, wa miaka 12 hadi 17, waliokuwa na meno yaliyopangika vizuri. Kwao pembe ile ilikuwa na wastani wa nyuzi 135 hivi. Miaka mitatu tu baadaye, 1951, Cotton, Takano na Wong walitumia vipimo hivyohivyo kwa Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Japani na China, wakakuta kila kundi lina wastani wake. Utafiti wa watoto wa Kikuyu uliochapishwa 1989 nao ulionyesha meno ya mbele yaliyoinama mbele kuliko ya Wazungu. Pembe ya msichana wetu haikuwa kasoro; alipimwa kwa sura ya watu wengine.

Si kwamba kungʼoa ni kosa daima. Yupo asiyeweza kufunga midomo bila kukaza kidevu, na yupo anayetaka mwenyewe midomo ipungue. Wala wastani wa kabila usigeuzwe sheria mpya, maana ndani ya nyumba moja ndugu hutofautiana taya.

Basi mzazi akiambiwa meno yangʼolewe, aulize: Viwango hivi vilipatikana kwa watu gani? Midomo itarudi ndani kiasi gani? Je, nafasi haiwezi kupatikana kwa kupanua safu ya meno au kuyasugua kidogo ubavuni? Na mtoto mwenyewe aulizwe kama anaipenda sura yake. Kuuliza si ujinga, na jino la ukubwani likishangʼolewa halioti tena.