Rangi ni za Nani?



Yako maswali ambayo mtu huyadhania kuwa madogo, kwa sababu wayaletao ni watu wasio na makuu, nayo hayahusu shamba wala mahari wala ng'ombe. Swali la namna hii lililetwa nyumbani kwangu siku moja jioni, limefungwa katika kanga. Kanga ilipofunguliwa nikaona vitambaa viwili vya meza.

Vilikuwa vimefumwa kwa uzi wa pamba, kwa ile sindano fupi yenye ndoana ambayo akina mama huitumia, na kazi yenyewe wengine huiita kroshia. Kimoja kilikuwa cha bibi mmoja wa usharika wetu, mjane, ambaye kwa kufuma huwapatia wajukuu wake madaftari na sare za shule. Cha pili kilikuwa cha mama kijana, ambaye amehamia kwetu juzijuzi pamoja na mumewe. Vyote viwili vilikuwa na rangi tatu zile zile: zambarau, kijivu, na manjano.

Bibi akasema, "Mchungaji, huyu ameniibia rangi zangu."

Mama kijana akainama, akajibu kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, nyuzi nalizinunua dukani kwa fedha yangu mwenyewe. Je! bibi amelinunua duka zima?"

Nakiri mbele yenu kwamba jambo lile nalilipima kwa haraka. Nalikuwa na safari asubuhi, tena mashauri ya siku ile yalikuwa yamekwisha kunichosha. Nikawaambia ya kuwa rangi ni za Muumba, hakuna mwanadamu awezaye kuzizungushia ua. Basi waende kwa amani. Bibi akakikunja kitambaa chake polepole, pembe kwa pembe, akasema, "Neno lako ni kweli, Mchungaji. Lakini kweli hiyo hainunui daftari." Akaaga, akaenda zake. Jumapili iliyofuata sikumwona mahali pake, wala ile ya pili.

Hapo ndipo nalipoanza kulifikiri jambo ambalo ilinipasa kulifikiri kabla ya kusema.

Kwanza naliiendea lugha yetu yenyewe. Tazameni, Kiswahili kina majina matatu tu ya rangi yaliyo yake hasa: nyeupe, nyeusi, na nyekundu. Nyingine karibu zote zimeazimwa kwa vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la mekoni. Kahawia imetoka katika kahawa, na manjano ni kile kiungo kitiwacho katika mchuzi. Zambarau ni tunda, na chungwa vivyo hivyo. Samawati imetoka katika neno la Kiarabu la mbingu. Wazee wetu walipoiona nyekundu iliyoiva na kuwa nzito waliiita damu ya mzee. Na mtu ambaye si mweusi sana wala si mweupe sana walisema ni maji ya kunde, na kila aliyepata kumwaga maji yaliyochemshiwa kunde anajua jinsi neno hilo lilivyo sahihi. Watu wale hawakukaa chumbani wakabuni rangi. Walitoka nje, wakatazama, wakasema: ile, kama ile pale.

Basi mtu akiniuliza, mfumaji apate wapi rangi za kazi yake, lugha imekwisha kumjibu. Ugumu wa siku zetu si uchache wa nyuzi. Zamani uzi ulitiwa rangi kwa mizizi na magome na wadudu, na zambarau ile ya wafalme ilitoka katika konokono wa baharini; ndiyo maana katika kitabu cha Kutoka wanawake waliosokota nyuzi za zambarau kwa ajili ya hema ya kukutania wametajwa kwa heshima, maana ilikuwa mali nyingi. Lakini mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, jina lake William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza dawa ya homa, akapata badala yake rangi ya zambarau itokayo katika lami ya makaa ya mawe. Tangu hapo rangi za viwandani zimeongezeka hata duka dogo la njiani lina nyuzi za kila namna. Mtu husimama mbele ya rafu kama mtoto mbele ya sahani nyingi. Hajui ale nini. Na asiyejua la kuchagua huitazama sahani ya jirani.

Nalikwenda kwa yule bibi. Sikwenda kumfundisha neno. Nalikwenda kumwuliza alizipata wapi rangi zake. Alinitazama kitambo, kana kwamba anapima kama swali ni la kweli au ni adabu tu. Kisha akanichukua nyuma ya jiko lake. Pana mzambarau mkubwa pale, na chini yake ndipo amwagapo majivu. Matunda yalikuwa yameanguka juu ya majivu, mengine mazima, mengine yamepasuka na kuyatia majivu madoa. Na katikati yake lilikuwapo jani moja la mpapai, limekauka, la manjano kabisa. Akaniambia kwamba mwaka ule wa kwanza alipita pale kila siku na ndoo ya majivu bila kuona kitu. Hata asubuhi moja akaona. Akaiweka ndoo chini. Tena alirudi siku nyingi, kwa kuwa asubuhi majivu yana ubaridi wa rangi, na mchana huwa meupe, na baada ya mvua huwa karibu na weusi. Naye alitaka kujua ni kijivu kipi kinachopatana na tunda. Dukani alinunua akarudisha, akanunua akarudisha, hata mwenye duka akamkasirikia. Vitambaa vitatu alivifumua vyote na kuanza upya.

Nikauliza kwa nini manjano ni kidogo vile, mstari mwembamba tu kuzunguka ua la katikati. Akajibu, "Jani lilikuwa moja."

Ndugu, jibu lile lilinihukumu. Nami nalikuwa nimesema rangi si za mtu! Rangi si zake, hilo sitalirudisha. Lakini macho yalikuwa yake, na zile asubuhi zilikuwa zake, na nyuzi zilizofumuliwa zilikuwa za mikono yake. Kuna kitu kilichochukuliwa katika nyumba ile, ila mimi nalikitafuta mahali pasipo.

Niseme sasa habari ya kitambaa cha mama kijana, maana nalivitandika viwili vile pamoja mezani nikashangaa. Nyuzi ni zile zile, zimetoka katika rafu moja. Lakini cha pili kilionekana kimechoka. Kijivu chake kilikuwa kama nguo isiyofuliwa. Mama kijana naye aliona, ila alidhani mwenye duka amempunja.

Jambo hili limekwisha kuchunguzwa na wenye elimu. Katika mji wa Paris iko nyumba ya kufuma mapazia ya ukutani iitwayo Gobelins, na mwaka 1824 bwana mmoja, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa kuisimamia kazi ya kutia rangi pale. Wafumaji walimlalamikia kwamba uzi wake mweusi ni hafifu, haukolei katika vivuli vya nguo za buluu na za zambarau. Akaupima uzi wake pamoja na nyuzi nyeusi zilizosifiwa za viwanda vingine, akaona haukupungukiwa na kitu. Uzi haukuwa na kosa lo lote. Ujirani wake ndio uliouharibu, maana rangi hubadilisha sura ya ile iliyo kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na wachoraji na wafumaji wamekitumia sana. Msiyaamini maneno yangu tu. Chukueni vipande viwili vya uzi mmoja wa kijivu, kimoja mkiweke juu ya kitambaa cha zambarau, cha pili juu ya cha manjano. Juu ya zambarau kijivu huelekea umanjano, kama uchafu. Juu ya manjano huelekea uzambarau kidogo.

Bibi hakusoma habari za Chevreul. Lakini alikiweka kijivu chake kando ya ule mstari wa manjano, nacho kikapata kivuli cha zambarau na kupatana na tunda. Mama kijana alikizungushia kijivu zambarau nyingi pande zote, na manjano akaitupa ukingoni, pana kama mkono. Yeye aliona kitambaa. Mzambarau hakupata kuuona. Aliweza kuzihesabu rangi, asijue kila moja inafanya kazi gani pale.

Je! ni wizi, basi? Nimeligeuza swali hili mara nyingi, wala si jepesi. Kuiga si dhambi kwa asili yake. Mtoto huiga kusema, na fundi mwanafunzi huiga mkono wa fundi wake. Huko Ireland viazi vilioza tangu mwaka 1845, watu wengi wakafa kwa njaa. Mwaka 1847, katika mji wa Clones, mke wa mchungaji wa pale, Cassandra Hand, aliwafanya wanawake maskini wafundishwe kufuma kwa sindano ya ndoana, maua na majani ya uzi mweupe, wakauza, wakala. Kama mwanamke wa kwanza aliyejua angaliuficha ujuzi wake, wangapi wangalikufa? Kazi ile iliponya watu kwa kuwa iliigwa. Wala mama kijana wetu hakuiga kwa tamaa ya mapambo. Mumewe alikuwa hana kazi tangu mavuno, naye aliona kitu kinachonunuliwa sokoni.

Walakini kule walifundishwa. Mtu alikaa kando ya mtu, akaonyeshwa, na aliyeonyesha alijua kwamba anatoa. Huku kwetu mmoja alinyamaza, akatazama kwa pembe ya jicho sokoni, akaenda nyumbani akafuma, akarudi akaketi hatua kumi kutoka kwa bibi na kuuza kwa bei pungufu. Hapo ndipo naona kosa, wala haliko katika zambarau wala katika manjano. Angaliuliza, yamkini bibi angalimpeleka nyuma ya jiko kama alivyonipeleka mimi. Angalikataa pia, nasema kweli, maana bibi huyu ana ukali wake.

Na mama kijana mwenyewe amepata hasara ambayo hakuihesabu. Anayechukua kazi ya macho ya mwenziwe huyaacha macho yake yalale. Yuko ndege katika misitu yetu ya milimani, aitwaye shorobo. Akiwa ametua mtini ni kijani tupu, wala humwoni kwa urahisi katika majani. Akiruka tu, mabawa yanafunguka na kuonyesha wekundu mkali, ambao wataalamu wamegundua kuwa una shaba ndani yake. Mfumaji aliyemwona ndege yule akiruka mara moja angejifunza jinsi ya kuitunza nyekundu, aifiche na kuitoa kwa kiasi. Hakuna kitambaa cha jirani kitakachomfundisha hivyo.

Naliwaita wote wawili tena. Nalimwomba bibi radhi mbele ya yule mwingine kwa kuwa nalihukumu kabla ya kuuliza. Jambo hili si rahisi kwa mchungaji, nanyi wenzangu mwajua. Kisha nikatoa shauri: vitambaa ambavyo mama kijana amekwisha kuvifuma, vinne, aviuze katika soko la mji wa pili wala si hapa, na kila amwulizaye amwambie ni mfano wa nani. Bibi hakuridhika. Alitaka vifumuliwe. Mama kijana naye hakuridhika, maana nauli ya mji wa pili inamla faida. Labda shauri langu halikuwa jema. Mpaka leo sijapata lililo bora, nami nitafurahi nikiandikiwa na mwinjilisti ye yote aliyekutana na neno kama hili.

Mama kijana aliniambia pale mlangoni, "Baba Mchungaji, bibi ana mzambarau. Mimi nakaa chumba cha kupanga kando ya barabara. Nitazame nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia atazame tu.

Zikapita majuma saba au nane. Siku moja baada ya ibada nalimkuta amesimama kando ya bibi chini ya ukuta wa kanisa, ana kitambaa kipya mkononi. Kilikuwa kijivu chenye kung'aa kidogo, na ndani yake mistari ya kahawia iliyoelekea wekundu, na kijani ukingoni. Nikamwuliza ni nini. Akaonyesha kwa kidevu paa la nyumba iliyo ng'ambo ya barabara: mabati makuukuu yaliyoshika kutu, na chini ya mchirizi, pale maji ya mvua yadondokapo, majani mabichi yameota kwa mstari.

Bibi alikichukua kitambaa, akakigeuza upande wa nyuma aone mafundo yalivyofichwa, akakirudisha. Akasema, "Kijani imezidi, mwanangu. Maji yanadondoka mstari mmoja." Mama kijana akalitazama paa tena, akaketi juu ya jiwe, akautafuta mwisho wa uzi, akaanza kufumua.