Staha bila uadilifu



Ndugu zangu katika imani, tukiitaja Hollywood huwa tunataja uchi na pombe, tunalaani, tunaishia hapo. Lakini kuna wakati Hollywood ilikuwa na staha kuliko baadhi ya harusi zetu. Kanuni ya maadili ya filamu iliandikwa mwaka 1930, na mmoja wa walioiandika alikuwa padri, Daniel Lord. Mwaka 1934, Wakatoliki wa Marekani walipotishia kuzisusia sinema, ofisi ya Joseph Breen ikaanza kuisimamia kwa ukali. Uchi marufuku, matusi marufuku, uzinifu usipambwe ukavutia. Hata mume na mke mara nyingi walionyeshwa kila mmoja na kitanda chake!

Wako masheikh ambao wangeipokea kanuni hiyo kwa takbira. Ila waisome yote. Kanuni hiyo hiyo ilipiga marufuku kuonyesha mahusiano ya kimapenzi baina ya mweupe na mweusi. Rangi aliyoiumba Mwenyezi Mungu ikawekwa orodha moja na uchafu.

Mwaka 1939 ikatoka Gone with the Wind. Hattie McDaniel, mwanamke mweusi, aliigiza mtumishi wa nyumbani. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, Desemba mwaka huo, yeye hakuwepo, kwani sheria za kule ziliwatenga weusi. Mwaka 1940 akapata tuzo ya Oscar, mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Hakuna kifungu cha staha kilichovunjwa ukumbini mle.

Watengeneza filamu hawakuamka siku moja wakatubu. Watu weusi wa Montgomery waligoma kupanda mabasi kuanzia Desemba 1955, wakatembea kwa miguu mwaka mzima mpaka wakashinda. Mwishoni mwa 1956, mgomo ulipomalizika, na kifungu kile cha rangi kikaondolewa kwenye kanuni. Sinema ilifuata nyuma ya miguu ya watu.

Ndipo mwaka 1967 ikaja Guess Who's Coming to Dinner. Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo 16 yaliyokuwa bado yanakataza ndoa za weupe na weusi. Filamu ikatoka Desemba. Binti mweupe anamleta kwao mchumba mweusi, Sidney Poitier. Baba wa binti ana gazeti lake, na maisha yake yote amepinga ubaguzi. Sasa ubaguzi umebisha hodi kwake, amepigwa na butwaa.

Mzee huyo namfahamu. Nimemwona kwetu, anamsimulia Bilal kwa machozi kila Maulidi, kisha posa ikija anauliza kabila kabla ya kuuliza swala.

Na mchumba mwenyewe watunzi walimfanya daktari bingwa, mpole, asiye na dosari hata moja. Angekuwa mchukuzi wa mizigo sokoni sijui kama mlango ungefunguliwa. Pamoja na sifa zote hizo, yule mwenye gazeti ilimchukua mchana kutwa kuridhia, na baba wa kijana, mweusi, naye alikuwa akipinga.