Nani Kasema Hapa Patupu?

Huku kwetu Haneti hakuna uwanja wa gofu. Ukiuliza sababu vijana watakucheka: katika ukame huu wa Ugogo, nani amwagilie nyasi za kuchezea? Jibu ni la kweli, ila halitoshi. Hebu tuligeuze swali: kule vilikojengwa, kwa nini vilijengwa palepale?

Wengi tutasema, ndiko waliko wachezaji. Sawa, lakini tazama historia. Mwaka 1913 Waingereza walimtuma Profesa W. J. Simpson kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki. Akashauri Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na katikati iachwe ardhi wazi. Eti kuzuia magonjwa! Na ardhi wazi utaifanyia nini kama si kuchezea? Dar es Salaam, viwanja vya Gymkhana vikawa upande wa Uzunguni, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Nairobi, klabu ya gofu iliyoanza 1906 leo inapakana na Kibera: huku nyasi, huku mabati.

Basi naona uwanja wa gofu hauanzi na nyasi. Unaanza na neno: patupu. Mwaka 1923 sheria iliweka ardhi yote ya Tanganyika, yenye watu na isiyo na watu, chini ya Gavana. Hata Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu ardhi ya kijiji "isiyotumika" kuwa ardhi ya jumla. Sasa nani anapima kutumika? Mzee ameacha shamba lake lipumzike, malisho yanangoja mvua ya Desemba. Mgeni akipita anaona pori tu.

Mimi sina ugomvi na gofu. Wapo waliobeba mifuko ya wenzao, wakaishia kuwa wachezaji wa kulipwa. Tena bila viwanja vile, huenda mjini pangejaa zege tupu. Uzuri wa nyasi haukanushiki. Lakini uzuri haujibu swali la haki: aliyekuwapo kabla yake aliulizwa?

Nawe mwandishi mwenzangu, siku utakapotaka kuandika "hapo zamani palikuwa pori tupu," chunga kalamu yako. Kwa sentensi hiyo moja, umeshamhamisha mtu.