Asiye na Mlango wa Kupigiwa Hodi



Miongoni mwa adabu ambazo Kurani Tukufu imewafundisha waaminio katika Sura Nuru ni kwamba mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe; na akiambiwa arudi, basi arudi bila kinyongo. Sisi tusemao Kiswahili tunaijua adabu hiyo kwa neno moja tu: hodi. Hata mtoto mdogo anaifahamu kabla hajajua kusoma.

Lakini je, umepata kufikiri ni nani asiyeweza kupigiwa hodi? Ni yule asiye na mlango. Mtu anayelala barazani pa watu, au chini ya daraja, au katika kituo cha mabasi, huingiliwa na kila apitaye. Askari humwamsha kwa ncha ya kiatu, mwizi humpekua akiwa usingizini, na mvua humjia bila salamu. Haki ambayo Mwenyezi Mungu amempa kila mwenye nyumba, ijapokuwa nyumba yenyewe ni ya makuti, yeye hanayo. Kwa hiyo aliyekosa makazi hakukosa paa peke yake. Amekosa heshima na utulivu, na Sura Nahli inautaja utulivu wa nyumbani kuwa ni neema itokayo kwa Mungu.

Basi ni juu ya nani kumpatia mtu huyo mlango? Wako wasemao, “Hiyo ni kazi ya serikali, sisi tumekwisha lipa kodi.” Wengine husema, “Hiyo ni kazi ya wenye huruma; serikali ina mambo mengi.” Hivyo kila mmoja humsukumia mwenziwe mzigo, na usiku unapoingia yule mtu yuko nje vile vile. Islam haikubali jibu la kwanza wala la pili. Hebu tutazame ushahidi wake.

Katika mwaka 622 Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alihama Makka akaenda Madina. Wafuasi wake waliohama, waitwao Muhajirin, walikuwa wameacha nyumba zao, biashara zao na jamaa zao. Mtukufu Mtume s.a.w. sasa alikuwa mwalimu wa dini na pia mkuu wa mji, na mbele yake walikuwako watu wengi wasio na pa kulala. Hakungoja mpaka hazina ijae, wala hakuliacha jambo hilo lifuate huruma ya kila mtu apendavyo. Aliwaunganisha kwa mkataba wa udugu, Muhajiri mmoja na Ansari mmoja, yaani mwenyeji wa Madina. Maansari wakafungua nyumba zao na kuwashirikisha wageni katika mashamba yao ya mitende. Na wale ambao hawakuwa na jamaa wala mali walipewa mahali penye kivuli katika msikiti, palipoitwa Suffa, na masahaba wakawa wanawachukua majumbani mwao kula pamoja nao.

Hapo utaona kwamba amri ya mkuu na ukarimu wa raia vilikwenda pamoja. Uongozi peke yake usingekuwa na vyumba vya kutosha, na ukarimu bila utaratibu ungewasahau baadhi ya watu. Tena uangalie mwisho wake. Baada ya Khaibar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, Muhajirin walipopata mali yao wenyewe waliwarudishia Maansari mitende waliyopewa. Msaada ule haukuwafanya kuwa ombaomba, bali uliwavusha.

Huenda mwenye kutafuta ukweli akauliza, “Hayo yalikuwa ya mji mdogo, tena wenye Mtume ndani yake. Je, yanawezekana katika dunia ya leo?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya, ambako baridi kali yaweza kumwua mtu anayelala nje. Wengi wa watu wa huko si Waislamu, lakini Mwislamu haoni haya kuutaja wema popote auonapo.

Katika mwaka 1985 miji mikubwa ya Ufini iliungana na kanisa, Msalaba Mwekundu na vyama vingine, wakaunda shirika liitwalo Y-Säätiö ili linunue nyumba za kawaida na kuwapangisha wasio na makazi. Mwaka 1987 watu zaidi ya 18,000 walihesabiwa kuwa hawana makao. Idadi ikapungua, lakini wakabaki wale waliozoea taabu kwa miaka mingi, wagonjwa na walevi, wakizunguka kutoka kitanda cha bure hadi kingine. Katika mwaka 2007 watu wanne walipewa kazi ya kulitazama jambo hilo: askofu, tabibu, mkuu wa huduma za jamii wa mji wa Helsinki, na mkurugenzi wa shirika lile. Mpango uliotokana na kazi yao ukaitwa “Jina Mlangoni”.

Tangu mwaka 2008 serikali na miji zilitiliana mikataba. Serikali ikatoa fedha, miji ikatafuta viwanja na nyumba, na mashirika ya hisani yakawa karibu na wapangaji kuwasaidia. Jengo la Jeshi la Wokovu huko Helsinki, lililokuwa na vitanda 250 vya kulala usiku tu, liligeuzwa kuwa makazi 80 hivi, kila moja na mlango na ufunguo wake. Mtu hutia sahihi mkataba na hulipa kodi ya nyumba, naye husaidiwa pale asipoweza. Lengo la kuwapunguza kwa nusu waliokosa makao kwa muda mrefu ifikapo mwaka 2011 halikutimia lote, lakini kazi haikuachwa. Na mwisho wa mwaka 2023 wasio na makao nchini kote walikuwa 3,429. Kisha misaada ya kodi ya nyumba ikapunguzwa na serikali, na hesabu ya mwaka 2024 ikapanda hadi 3,806. Mashirika ya hisani hayakuondoka. Bali mkono mmoja ulipolegea, mzigo uliinama.

Sasa tufike penye ugumu. Katika mpango huo mtu haambiwi kwanza aache ulevi ndipo apewe nyumba. Hupewa nyumba kwanza, kisha akasaidiwa kuacha. Pengine moyo wako unakataa, ukisema, “Je, mwenye dhambi apewe thawabu?” Ndugu yangu, kumbuka habari ya Mistah. Alikuwa Muhajiri maskini, na Seyidna Abubakar r.a. alikuwa akimtunza. Mistah akashiriki katika kumsingizia uovu Bibi Aisha r.a., binti wa mfadhili wake. Je, kuna kosa linalochoma moyo wa baba kuliko hilo? Abubakar r.a. akaapa kutompa tena kitu. Ndipo Mwenyezi Mungu akateremsha mafundisho, katika Sura Nuru hiyo hiyo, kwamba wenye wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa, maskini na waliohama, bali wasamehe. Abubakar r.a. akarudisha riziki ya Mistah. Kosa la Mistah lilihukumiwa mahali pake, lakini chakula chake hakikufanywa fimbo. Basi nasi tusiufanye mlango kuwa fimbo. Ni vigumu mno kwa mtu kutubu na kujitibu hali hajui atalala wapi leo.

Na lililo bora zaidi ni kumzuia mtu asifike huko. Kurani Tukufu, inapotaja watu wanane wanaostahiki Zaka, imewataja pia wenye madeni. Hekima yake ni wazi: mwenye deni la kodi ya nyumba bado ana mlango, na fedha kidogo leo zitamlinda na hasara kubwa kesho. Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018 na ambayo shirika la hisani la Crisis liliipigania. Chini ya sheria hiyo halmashauri za Uingereza bara, yaani England, zinalazimika kumsaidia mtu anayekabiliwa na hatari ya kukosa makao katika siku 56 zijazo, wala zisingoje mpaka vyombo vyake vitupwe nje.

Ndugu msomaji, wewe huenda si waziri wala mkurugenzi. Lakini unamjua mjane ambaye jamaa za marehemu wanataka kumtoa nyumbani. Unamjua kijana aliyefukuzwa na baba yake, na jirani aliye nyuma kwa kodi ya miezi miwili. Ukiweza, lipa sehemu ya deni lake kabla mwenye nyumba hajabadili kufuli. Usipoweza, fuatana naye kwa wakubwa wa mtaa, useme kwa niaba yake, maana ofisi nyingi humsikia mtu aliye na shahidi. Na wewe uliye mwenye mamlaka, usiwaone wenye huruma kuwa wanakuingilia kazi. Wao wanajua majina ya watu ambao wewe unajua idadi yao tu. Na sote tujiulize usiku huu, tunapofunga milango yetu, ni nani katika mtaa wetu asiye na mlango wa kufunga.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa miongoni mwa wafunguao milango. Amin.