Upepo Ukiisha

Katika ujana wangu nilikuwa utingo wa lori. Siku moja tuliegesha chini ya Mlima Kitonga. Dereva akavuta kishikio cha breki ya kuegeshea, upepo ukatoka kwa mlio. Nikadhani upepo ule ndio unaobana magurudumu.

"Sivyo, mdogo wangu," akaniambia. "Breki ya mguu hubana kwa upepo. Hii hubana kwa springi. Upepo kazi yake ni kuikandamiza springi ili iachie. Vali ya kishikio hiki ni mlango tu: ukiutoa upepo, springi inarudi kazini. Hata upepo ukivuja wote njiani, gari litajifunga lenyewe."

Sikuyajali maneno yale mpaka nilipokuwa mtunza hazina wa chama chetu cha kuzikana. Miaka mitatu sikugusa senti, nikajiita mwaminifu. Mwenyekiti aliyekagua daftari kila mwezi alipougua, nikajikopesha bila kumwuliza mtu. Nilirudisha, lakini msiba ulitangulia, na sanda ya jirani yangu ikachukuliwa dukani kwa deni.

Kumbe uaminifu wangu ulikuwa breki ya mguu: ulishika maadamu kulikuwa na msukumo. Je, aogopaye macho ya watu ni mwema? Nadhani huyo amezuiwa tu. Mwema ni yule ambaye msukumo wote ukiondoka, kilichomo ndani yake humsimamisha. Nayo springi hiyo haifungwi siku ya mteremko. Hufungwa mapema, gari lingali gereji.