Bulldogi Wawili, Jina Moja

Aristotle aliamini kila kiumbe kina kiini kinachokifanya kiwe kilivyo. Ningependa kumwonyesha bulldogi wa Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafugaji John D. Johnson na Alan Scott walikusanya mbwa wa mashambani waliosalia kusini mwa nchi hiyo, kisha kila mmoja akafuata jicho lake. Wa Johnson ni mzito, kichwa kipana, pua fupi. Wa Scott ni mwepesi, pua ndefu, hodari wa kukimbiza na kukamata nguruwe. Wengi wa leo ni machotara wa hao wawili.

Basi kiini kiko wapi? Kwangu mimi kimo katika uamuzi wa mfugaji. Chama cha kusajili mbwa cha UKC kilipoitambua rasmi mbegu hii mwaka 1999, hakuna mbwa hata mmoja aliyebadilika. Ila anayeubeba uamuzi ni mnyama: pua ikifupishwa mno, hupumua kwa shida, na joto laweza kumuua. Naamini Mungu ametukabidhi wanyama kama amana, kwa hiyo silioni hili kuwa suala la urembo. Ukitaka kununua mtoto wa bulldogi, msikilize kwanza mama yake akipumua, ndipo utoe pesa.